Pambo Lisilofumba Macho: Maandishi ya Ushabiki katika Vyombo vya Usafiri Mjini Mombasa

1. Utangulizi

Maandishi ya leso yamekwisha kutambuliwa na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kuwa ni utanzu wenye kanuni zake. Maandishi ya vyombo vya usafiri bado hayajapata heshima hiyo. Yakitajwa, hutajwa katika taarifa za polisi wa barabarani, au katika malalamiko ya wazee wanaoyaona kuwa ni fujo za vijana. Hali hii ni ya kusikitisha, kwa kuwa katika mji kama Mombasa maandishi hayo husomwa na watu wengi zaidi kuliko diwani yoyote ya mashairi iliyopata kuchapishwa.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maandishi na mapambo ya aina moja tu, yaani yale yanayotangaza upenzi wa timu za mpira, kama yanavyoonekana katika kisiwa cha Mombasa na hasa pembezoni mwa Mji wa Kale. Vyombo vinavyohusika ni matatu, tuktuk, pikipiki, mikokoteni na magari ya watu binafsi. Swali la msingi ni la kihakiki: pambo zuri la chombo ni lipi? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba pambo zuri ni lile linalosomeka pasipo kuficha kitu ambacho dereva, mwenda kwa miguu au askari hana budi kukiona. Kwa maneno mengine, masharti ya sheria na ya usalama hayako nje ya fani hii. Yako ndani yake, kama mizani na vina vilivyo ndani ya shairi.

2. Asili ya mashindano ya mapambo

Si sahihi kudhani kwamba upambaji wa vyombo kwa ajili ya timu ulianza na televisheni na ligi ya Uingereza. Mji wa Mombasa ulikuwa na mashindano ya pande mbili, yenye sare, nyimbo na maandamano, muda mrefu kabla ya mpira kushika nafasi yake ya leo. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameonyesha jinsi vijana wa miji ya pwani walivyogawanyika katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, kwa vyeo na kwa fahari ya gwaride. Margaret Strobel naye, katika utafiti wake wa mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza habari za vyama vya lelemama kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo ushindani wao ulikuwa wa gharama kubwa na ulidumu kwa miaka mingi.

Mambo mawili katika historia hiyo yanahusu mjadala huu. La kwanza ni kwamba mpenzi wa chama hakuridhika kuupenda upande wake moyoni. Ilimpasa auvae, auimbe na kuupitisha mitaani ili wa upande wa pili auone. La pili ni kwamba majina ya pande hizo mara nyingi yalitoka mbali. Katika beni kulikuwa na Kingi na Skochi, majina ambayo asili yake ni mfalme wa Waingereza na askari wa Kiskoti, lakini ugomvi uliokuwamo ulikuwa wa mitaa ya pwani hasa. Mpira ulipoingia uliurithi mtindo huo. Mombasa ya miaka ya 1960 ilikuwa na klabu yake iliyoitwa Liverpool, na klabu nyingine, Feisal, ikatwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965. Huko Dar es Salaam, klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 ilijulikana kwa jina la Sunderland mpaka mwaka 1971, ilipoitwa Simba.

Kwa hiyo mhakiki anayeona nembo ya klabu ya Kiingereza nyuma ya tuktuk pale Marikiti, na mara moja akahukumu kwamba huo ni utumwa wa mawazo, atakuwa amefanya haraka. Jina la kigeni katika pwani hii limezoea kubeba mzigo wa kienyeji. Hukumu haiwezi kutolewa kwa kutazama nembo peke yake. Ni lazima yatazamwe pia maneno yanayoizunguka.

3. Pindo, mji na jina

Leso ina sehemu tatu zinazojulikana na kila mnunuzi wa Barabara ya Biashara. Pana pindo, ambalo ni ukingo unaozunguka pande zote nne. Pana mji, ambao ni uwanja wa katikati wenye mapambo makuu. Na pana jina, yaani usemi mfupi ulioandikwa ndani ya mji karibu na ukingo wa chini. Sehemu hizi tatu ni kipimo kinachofaa pia kwa chombo cha usafiri. Ubavu wa matatu ni mji: hapo huchorwa nembo, sura ya mchezaji, rangi za timu. Kioo cha nyuma, paji la kioo cha mbele na kinga-tope ndipo mahali pa jina. Ama pindo, tutaona hivi karibuni kwamba lililetwa na Serikali.

Ulinganisho huu unaweza kusogezwa mbele. Jina la leso husomwa na aliye nyuma. Aliyeivaa hulipa mgongo, na anapokwenda haoni athari ya maneno yake katika uso wa msomaji. Akiulizwa, ana njia ya kujitetea: maneno si yake, yalichapishwa kiwandani, yeye alipenda rangi tu. Hali kadhalika chombo cha usafiri. Msomaji wake halisi ni dereva aliye nyuma, au abiria aliyeachwa kituoni. Tena msemaji wake hajulikani kwa hakika. Je, anayesema ni mwenye gari aliyelipa, fundi aliyeandika, dereva anayeliendesha au makanga anayening'inia mlangoni? Usemi uleule huwa wa wote wanne na huwa si wa yeyote kati yao. Hii ni sifa ya kisanaa yenye nguvu kubwa, kwa sababu inaruhusu fumbo kurushwa pasipo mtu kushikwa ulimi.

Tuchukue mfano wa usemi unaojulikana na kila mtu: "Hasidi hana sababu." Katika leso, maneno haya humwelekea jirani, mke mwenza au wifi. Usemi huohuo ukiandikwa nyuma ya tuktuk, juu yake pakiwa na rangi za timu iliyotoka kufungwa, maana inageuka. Hasidi sasa ni mshabiki wa timu pinzani anayecheka kijiweni asubuhi ya Jumatatu. Na timu hiyo ikishinda wiki inayofuata, maneno hayohayo yanageuka tena na kuwa majivuno. Fundi hakubadilisha hata herufi moja. Kilichobadilika ni matokeo ya mchezo, nayo matokeo ndiyo muktadha unaoyapa maneno uhai. Methali "Asiyekubali kushindwa si mshindani" hufanya kazi kinyume cha hapo: ni nasaha ikisemwa na aliyeshindwa, na ni kejeli kali ikisemwa na aliyeshinda. Fasihi hii, basi, haiwezi kuhakikiwa pasipo kuuliza siku na mahali iliposomwa.

Tuktuk ina nafasi ya pekee katika suala hili. Matatu haina njia katika vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni. Huishia barabara kuu. Tuktuk na mkokoteni ndivyo vinavyoingia ndani ya Mji wa Kale, baina ya milango iliyonakshiwa na baraza za wazee. Mgongo wa tuktuk mara nyingi ni turubai, yaani ni kitambaa. Maneno yaliyoshonwa au kupakwa hapo hurudi katika asili yake ya nguo, na huwa karibu mno na msomaji, pengine hatua mbili tatu. Ndiyo maana maandishi ya tuktuk huweza kuwa madogo na yenye mafumbo zaidi, hali ya matatu ni makubwa na ya wazi. Umbali wa msomaji ndio unaoamua ukubwa wa herufi na, kwa kiasi fulani, kina cha fumbo.

4. Sheria kama arudhi

Historia ya matatu katika sheria ya Kenya ni historia ya kuruhusiwa na kukatazwa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zichukue abiria bila leseni za usafiri zilizokuwa zikitakiwa. Mwaka 1984 zikaingizwa rasmi katika Sheria ya Usalama Barabarani. Oktoba 2003 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, akatoa Tangazo la Kisheria Na. 161, lililoanza kutekelezwa kwa ukali Februari 2004. Kanuni hizo zilitaka mikanda ya usalama, kidhibiti cha mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano usiokatika wenye upana wa milimita 150. Michoro na maandishi mengi ya miaka ya 1990 yalifutwa wakati huo. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kwamba vijana wasisumbuliwe kwa sababu ya michoro ya matatu, kwa kuwa ni kazi ya ubunifu. Novemba 2018 Serikali ikatangaza tena utekelezaji mkali wa kanuni za mwaka 2003.

Kuhusu mabadiliko haya kumekuwako maoni ya aina mbili. Wako wanaosema kwamba sheria iliua sanaa. Wako pia wanaosema kwamba sheria iliondoa uchafu. Maoni yote mawili yana kasoro moja: yanaichukulia sheria na sanaa kuwa ni vitu viwili visivyojuana. Anayeijua arudhi ya ushairi wa Kiswahili hawezi kuridhika na mgawanyo huo. Tarbia yenye mistari minne na mizani nane kwa nane haijamzuia mshairi wa Mombasa kusema alilotaka. Muyaka bin Haji aliwashambulia mahasimu wa mji wake ndani ya mipaka hiyohiyo, na makali ya maneno yake yalitokana na ufinyu wa nafasi aliyokuwa nayo.

Mstari wa manjano wa mwaka 2003 utazamwe kwa jicho hilo. Uliwekwa ili gari la abiria litambulike. Lakini kwa kulizunguka gari pasipo kukatika, uliipa matatu kitu ambacho leso ilikuwa nacho siku zote, yaani pindo. Fundi aliyekuwa akitapakaza rangi kutoka boneti hadi mgongoni akalazimika kuligawanya gari: juu ya pindo, chini ya pindo, nyuma. Katika magari yaliyopambwa kwa hekima baada ya hapo, maneno yamepungua na yamekuwa mazito zaidi. Waliotunga kanuni hawakukusudia kuleta fani, lakini mhakiki anapima kilichotokea, hapimi kilichokusudiwa.

Masharti mengine yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwe kama kanuni za usomaji. Kibao cha namba ni maandishi vilevile, na ndiyo maandishi ya kwanza ya gari. Pambo linalokifunika ni sawa na jalada la kitabu lililofuta jina la mwandishi. Taa za breki na taa za kuonyesha upande wa kugeuka ni lugha ambayo kila dereva ameafikiana na mwenziwe. Mpenzi wa timu ya rangi ya samawati anayezibandika taa zake za nyuma karatasi ya samawati ameivuruga lugha hiyo kwa ajili ya lahaja yake mwenyewe. Vivyo hivyo kwa yule anayetia taa nyekundu mbele ya gari ili kuonyesha upenzi wake. Taa nyekundu maana yake imekwisha kuwekwa, nayo ni "huu ni mgongo wa gari". Kioo cha giza kimekatazwa katika magari ya abiria, na kibandiko kikubwa cha nembo katikati ya kioo cha nyuma hufanya kazi ileile ya giza.

Lipo pia suala la muda wa kusoma. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu mjini, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva aliye nyuma akitumia sekunde mbili kusoma maneno ya kioo, atakuwa amekwenda mita 28 pasipo kuitazama njia. Katika foleni ya Digo Road hatari ni ndogo, kwa sababu hakuna anayekwenda. Katika daraja la Nyali hali ni nyingine. Kutokana na hesabu hii, ufupi unakuwa wajibu. Usemi wa maneno matatu au manne, wenye herufi kubwa na rangi zinazopingana, husomwa kwa kupepesa. Usemi wa mistari mitatu humwomba msomaji roho yake. Watungaji wa majina ya leso waliufikia ufupi huo kwa sababu za kisanaa. Mwandishi wa gari anao kwa sababu za kisanaa na za uhai pamoja.

Magari ya watu binafsi hayana mstari wa manjano, na wenye magari hayo hudhani kwamba basi hayana sharti. Dhana hiyo si kweli. Rangi ya gari imeandikwa katika kitabu cha gari, na anayeigeuza kwa ajili ya timu yake hana budi kuipeleka habari hiyo kwa msajili. Bendera ya timu inayochomekwa dirishani hupeperuka kwa fahari gari likienda polepole; gari likienda kasi upepo huing'oa na kuitupa katika kioo cha aliye nyuma. Na vijana wanaotoa nusu ya mwili dirishani wakipunga skafu siku ya ushindi wamejigeuza wao wenyewe kuwa pambo, kinyume cha sheria na kinyume cha akili. Katika leso, jina likichanika huchanika nguo tu.

5. Lugha ya ushabiki

Kwa upande wa lugha, mapambo haya yako ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kibandiko kilichonunuliwa dukani kikiwa tayari: nembo, jina la klabu, pengine na wito wake kwa Kiingereza. Namna ya pili ni maneno yaliyotungwa au kuchaguliwa na kuandikwa kwa mkono wa fundi. Tofauti baina ya namna hizi mbili ndiyo tofauti muhimu kuliko zote kwa mhakiki, kuliko hata tofauti ya timu ya nje na timu ya nyumbani.

Kibandiko hakina msemaji wa Mombasa. Chaweza kuondolewa katika gari la Mombasa kikabandikwa katika gari la Lagos au la Jakarta, na hakitapungukiwa na kitu. Lakini mara tu mpenzi anapotaka kusema jambo kuhusu timu hiyo, Kiswahili huingia, na kikiingia huleta matatizo yake mazuri. Tazama jina "Mashetani Wekundu", ambalo watangazaji wa Kiswahili wamelitumia sana kwa Manchester United. Ni tafsiri ya neno kwa neno, na katika redio halimsumbui mtu. Likiletwa katika Mji wa Kale hukutana na desturi ya kulifungua gari kwa "Bismillahi" au "Mashaallah" katika paji la kioo. Mwenye chombo hawezi kumtaja Mola mbele na mashetani nyuma pasipo kuulizwa na wazee wa barazani anaelekea wapi. Mbele yake pana njia tatu: kuitumia rangi peke yake na kuliacha jina, kulifupisha jina mpaka maana yake ipotee, au kuandika usemi wa Kiswahili usioitaja timu kabisa, huku rangi nyekundu ikitoa habari. Njia ya tatu ndiyo iliyo bora kisanaa, kwa sababu maneno na rangi yanagawana kazi, kila kimoja kikisema ambacho kingine hakisemi.

"Washika Bunduki", jina la Arsenal, halina tatizo la kidini lakini lina la kisiasa, kwani si kila askari wa kizuizi atayafurahia maneno hayo usiku. Majina ya namna ya "Wekundu wa Msimbazi" na "Wana Jangwani", ya Simba na Yanga, yametungwa kwa njia tofauti: yanaitambulisha timu kwa mtaa wake. Hayo yalizaliwa ndani ya Kiswahili, na hayahitaji tafsiri. Yanaonyesha kwamba lugha yenyewe ina uwezo wa kutosha wa kuziita timu kwa majina yenye sura na mahali, iwapo wapenzi wataiachia nafasi.

6. Bendera isiyopepea na bandari isiyoandikwa

Jambo la ajabu linajitokeza pale timu inapokuwa ya taifa. Sheria ya Kenya inayohusu bendera, nembo na majina ya taifa imewawekea viongozi wachache tu haki ya kupeperusha bendera ya taifa katika gari: Rais, Naibu wa Rais, Jaji Mkuu, Mawaziri, Maspika na wengine waliotajwa humo. Kwa hiyo Juni 27, 2019, Harambee Stars ilipoifunga Tanzania mabao 3 kwa 2 mjini Cairo, mpenzi wa Mombasa aliyetaka kushangilia kwa gari lake alikuwa na uhuru mdogo kuliko mpenzi wa klabu ya Manchester. Wa Manchester aliweza kuchomeka bendera ya klabu yake dirishani; wa Kenya hakuruhusiwa kuichomeka bendera ya nchi yake.

Yako mabishano kama sheria hiyo inafaa kwa siku za michezo, na watu wa sheria watayamaliza. Kwa fasihi, sharti hilo linafanya kazi ya arudhi vilevile. Bendera imekatazwa kupepea, lakini rangi nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe zikipangwa kwa namna nyingine, pasipo ngao na mikuki, si bendera. Neno "Harambee" nalo limebeba wito wa kuvuta pamoja, ambao asili yake ni kazi ya mikono na kamba. Aliyefungiwa alama iliyo tayari hana budi kutunga. Tena anatunga kwa lugha yake.

Hali hiyohiyo inaihusu Bandari, klabu ya Mamlaka ya Bandari za Kenya, yenye makao yake Mbaraki kisiwani humu, iliyotwaa kombe la shirikisho mwaka 2015 na tena mwaka 2019. Ukilinganisha na klabu za Uingereza, jina la Bandari ni nadra katika vyombo vya mji wake mwenyewe. Sababu mojawapo ni ya kibiashara: vibandiko vya timu za Ulaya vimejaa maduka, na vya Bandari havipatikani kwa urahisi. Lakini uhaba huu una upande wa pili. Mpenzi wa Bandari anayetaka kulipamba gari lake hana cha kununua ila rangi na brashi. Itamlazimu amwendee fundi na ampe maneno. Na maneno yenyewe yamejaa mjini tele: meli, nanga, gati, shehena, maji kujaa na maji kupwa. Akiandika "Nanga imetua" asubuhi ya ushindi, amesema habari ya mpira, ya kazi ya baba yake na ya mji wake kwa maneno mawili yasiyohitaji nembo yoyote. Mwenzake aliyebandika karatasi ya dukani amesema tu kwamba yeye ni mmoja wa mamilioni.

Hapa ndipo penye hatari halisi. Vibandiko vinashinda kwa sababu ni rahisi, ni vya haraka na, kwa kejeli ya mambo, mara nyingi ndivyo vinavyoziba vioo kwa ukubwa wao. Fundi wa maandishi ya mkono anapungukiwa na kazi pande zote mbili: sheria inapokazwa hufutiwa kazi yake, na sheria inapolegezwa hunyang'anywa nafasi na mashine ya kuchapisha. Endapo hali itaendelea hivyo, vyombo vya Mombasa vitapendeza macho zaidi na vitasema machache zaidi.

7. Tathmini na hitimisho

Vipimo vitatu vinaweza kutolewa kwa mhakiki wa mapambo haya. Cha kwanza ni kusomeka: je, maneno yanafika kwa umbali na mwendo wa chombo chenyewe, ikiwa ni matatu barabarani au tuktuk kichochoroni? Cha pili ni kutoficha: je, namba, taa na vioo vimeachwa vifanye kazi yao? Cha tatu ni kuwa na msemaji: je, pambo hilo lingeweza kuhamishiwa mji mwingine wowote pasipo hasara, au lina jambo ambalo ni la Mombasa? Pambo linaloshinda katika kipimo cha tatu na kushindwa katika cha pili ni kama shairi lenye fikra nzuri lililovunja mizani. Watu watalikumbuka, lakini pengine kwa msiba.

Kipimo cha pili kina fundisho pia kwa wenye mamlaka. Kanuni inayolinda taa na kioo inailinda fani. Kanuni inayofuta kila rangi kwa kuwa ni rangi haimlindi mtu, na inawafundisha vijana kwamba usalama na uzuri ni maadui. Wakishaamini hivyo, watavivunja vyote viwili kwa pamoja.

Ama kwa idara za lugha, kazi iko wazi na muda ni mfupi. Leso iliyozeeka huhifadhiwa sandukuni. Bibi huitoa na kumsomea mjukuu jina lake. Gari likipakwa rangi upya, maneno ya jana yamekwenda. Kanuni ya mwaka 2003 ilifuta kwa miezi michache maandishi ya zaidi ya miaka kumi, na yaliyonakiliwa kabla ya hapo ni kidogo. Inafaa basi maandishi haya yakusanywe kama yanavyokusanywa majina ya leso na methali, pamoja na tarehe, mahali, aina ya chombo, na matokeo ya mchezo wa wiki hiyo. Mkusanyaji hahitaji safari ndefu. Akisimama Marikiti saa za asubuhi, baada ya mchezo mkubwa wa jana yake, maandishi yatampitia yenyewe.